Mabao ya Mpira Uliosimama

Naandika polepole, kwa hiyo nitaanza na jambo lenyewe. Mimi ndiye niliyevunja rekodi ya mabao ya timu yetu, na sijawahi kufunga hata bao moja nikiwa nakimbia. Yote ni ya mpira uliosimama: penalti, na frikiki chache. Huku kwetu, juu kidogo ya Ikonge, ambako chai imeshika kila mteremko, watu wamebishana miezi mingi kama mtu wa namna hiyo anastahili kuandikwa juu ya wengine wote. Mimi sikubishana na mtu. Nilikuwa naogopa tu.

Watu hudhani mpiga penalti ni mtu asiye na woga. Labda wako wa hivyo mahali pengine. Mimi nilianza kupiga kwa sababu ya woga.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, nikabaki nyumbani kumsaidia mama kuchuma chai. Kwenye timu nilichezeshwa beki wa kushoto kwa sababu upande ule wa uwanja umeinama kuelekea kwenye mtaro na hakuna mwingine aliyeutaka. Jumapili moja ilikuja timu kutoka Nyamarambe, watu wenye miguu minene na kelele nyingi. Zikiwa zimebaki dakika chache, tukapata penalti. Refa akaonyesha alama, na wakubwa wote wa timu wakaanza kuangalia viatu vyao. Mmoja akainama kufunga kamba ambazo zilikuwa zimefungwa. Mwingine akashika paja, akasema msuli umemkaza.

"Nani anapiga?" kocha akapaza sauti kutoka pembeni. "Mnataka nije nipige mimi na hizi gambuti?"

Akamwita wa kwanza, akakataa. Akamwita wa pili, akakataa. Halafu kidole chake kikasimama kwangu. "Wewe beki, piga."

Mimi sijui kumkatalia mtu mzima. Hicho ndicho kipaji changu chote, ukitaka kujua. Nilitembea hadi kwenye mpira nikiangalia majani ya uwanja, kama ninavyofanya popote watu wanaponitazama. Golikipa wao alikuwa anapiga makofi na kunifokea, "Niangalie! Kijana, niangalie machoni!" Sikuweza. Nilipiga kuelekea kushoto kwangu, chini, karibu na mti wa goli, kwa sababu huko hakukuwa na mtu anayenitazama. Mpira ukaingia.

Tangu siku hiyo kocha akasema penalti zote ni zangu. Alisema golikipa husoma macho ya mpigaji, na mimi macho yangu yako ardhini, hayasomeki. Kila mtu alidhani ni ujanja nilioutunga.

Sasa niseme kuhusu ubao. Kwenye kituo cha chai, mahali tunapopeleka majani kupimwa kabla lori la kiwanda halijaja, kuna bati jeusi lililopigiliwa ukutani juu ya mizani. Juu yake yameandikwa majina ya wachezaji wa timu yetu tangu timu ianze, na mbele ya kila jina kuna vijiti vyeupe vya rangi, kijiti kimoja kwa kila bao. Lipo kituoni kwa sababu kila mtu hufika kituoni. Anayelitunza ni karani, yule anayepima majani yetu. Na jina la kwanza kwenye ubao huo, lenye vijiti arobaini na vitatu, lilikuwa lake yeye.

Nilimwona akicheza nilipokuwa mdogo. Alikuwa mshambuliaji, na hakukuwa na kitu kilichosimama katika mchezo wake. Alifunga akiwa amelala kwenye tope. Alifunga kwa kichwa akapasuka juu ya jicho, akafungwa kitambaa, akafunga tena. Bao la arobaini na tatu lilikuwa kwenye goli la upande wa mtaro. Aliufuata mpira uliokuwa unatoka, akauingiza, na yeye mwenyewe akaenda kujigonga kwenye mti wa goli. Goti likavunjika vibaya. Walimbeba kwa mlango wa choo cha shule uliong'olewa haraka. Baadaye akapata kazi ya ukarani kwa sababu anajua hesabu na hadanganyi, na kwa sababu kwa lile goti hawezi tena kusimama kwenye mteremko kuchuma.

Kwa hiyo miaka saba, kila Jumatatu, huyo ndiye aliyechora vijiti vyangu. Nilikuwa nasimama kwenye foleni na mzigo wa majani mgongoni, namwona amepanda juu ya stuli na kopo la rangi, anachora polepole chini ya jina lake. Hakuwahi kusema neno. Alichora kijiti changu kikiwa kimenyooka sawa na vyake, akashuka, akafuta mkono, akaita, "Anayefuata." Na mara nyingi aliyefuata nilikuwa mimi.

Nilipofika vijiti thelathini, watu walicheka tu. Nilipofika arobaini, hawakucheka tena. Foleni ya kituoni ikawa bunge.

"Toeni za Jumamosi!" alisema kijana mmoja wa bodaboda ambaye huleta majani ya wazee wasioweza kubeba. "Karani ni Msabato, hakucheza Jumamosi hata siku moja maishani. Huyu ni Mkatoliki, mechi za Jumamosi zote anacheza. Toeni hizo tuone kama atafika hata ishirini."

"Sawa," mwingine akamjibu, "na karani naye atoe zile nne alizowafunga watu wa Sironga walipokuja wachezaji wanane."

"Kwani wanane hawana goli?"

"Wana goli, hawana mabeki!"

Jirani yetu, mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuwa akichambua majani yake kwenye meza bila kuinua uso. "Mimi nauliza tu," akasema. "Kwani mkunga huandikwa mama wa mtoto? Mwingine anaangushwa, anavimba, anachechemea wiki nzima. Huyu anakuja anapokea tu."

Walicheka mpaka mizani ikatikisika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, watu wawili nyuma yake. Nilijifanya napanga majani kwenye kikapu.

Mshambuliaji wetu wa sasa ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu ndiye anayeangushwa. "Mimi ndio nalimwa miguu kama shamba la mahindi," alikuwa akiwaambia watu, "halafu huyu anakuja kuvuna na kaptula safi." Alisema akitabasamu, na alikuwa na haki.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi nikichuma, kwa sababu kuchuma kunaacha kichwa bila kazi. Ni kweli kwamba bao la penalti huanza na mtu mwingine. Ni kweli kwamba hakuna anayenikaba. Lakini kuna kitu ambacho hawakukisema kituoni. Mshambuliaji akikosa, anageuka anakimbia, na baada ya dakika moja watu wamesahau. Mimi nikikosa, mchezo wote ulikuwa umesimama kuningoja, na hakuna mahali pa kukimbilia. Nilikosa moja mwaka wa tatu. Wiki mbili sikupita sokoni. Nilikuwa napita katikati ya michai, nimeinama, kama mtu aliyeiba. Kama woga ungekuwa unaandikwa kwenye bati, ningekuwa nimempita karani siku nyingi. Lakini woga hauandikwi, na sijui kama ungestahili kuandikwa. Hata leo sijui.

Jumapili moja nikafunga frikiki, nikafika arobaini na tatu. Tukawa sawa. Siku iliyofuata karani akachora kijiti changu, akashuka kutoka kwenye stuli, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kama anavyotazama majani. Niliogopa wiki nzima.

Alhamisi ya wiki hiyo ndipo nilipofanya kosa langu.

Mama alikuwa ameenda mazishini kwa watu wa kwao, akaniachia shamba. "Uchume ile sehemu ya juu imalizike," alisema, "na uchume vizuri." Kuchuma vizuri ni majani mawili na chipukizi, unavunja kwa vidole, moja moja. Lakini kulikuwa na mazoezi saa kumi, na kocha alikuwa amesema atakayechelewa Alhamisi hatacheza Jumapili. Saa nane kikapu changu kilikuwa hakijafika hata nusu. Nikaanza kukwangua. Nilikuwa nashika tawi na kuvuta kiganja kizima: jani la tatu, la nne, magumu kama ngozi, na vijiti vyake. Kikapu kikajaa upesi. Halafu nilipofika njiani, nikatua chini, nikahamisha yale mazuri niliyochuma asubuhi nikayaweka juu. Kila mchumaji anaujua ujanja huo, na kila karani anaujua pia.

Karani hakutazama juu ya kikapu. Aliingiza mkono hadi kwapani, akautoa umejaa yale ya chini. Akayatazama. Akanitazama. Kwa kawaida angemwaga mezani na kukuambia uchambue mbele ya watu. Hakumwaga. Alisema kwa sauti ndogo, "Haya sipokei leo. Yarudishe."

Halafu jirani yetu, yule wa mkunga, akasema nyuma yangu, bila kuficha, "Mmeona? Ni ile rekodi."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lingetosha. Nilibeba kikapu nikaondoka. Majani yakikaa yamebanana hupata joto, na njia nzima nilihisi joto lile mgongoni kupitia shati. Niliyamwaga kwenye mashina ya migomba, nikakimbia mazoezini.

Mama aliporudi, habari zilikuwa zimemfikia njiani. "Karani amekataa majani yangu?"

"Amekataa."

"Kwa nini?"

"Sijui," nikasema.

Nilisema hivyo nikiangalia chini, na kwa kuwa mimi huangalia chini siku zote, hakuona kitu.

Mama yangu si mtu wa kelele, lakini akiamua jambo anaamua. Alivaa leso yake ile nzuri akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Alimwambia kwamba karani analipiza kisasi cha mpira kwa majani ya mjane. Akina mama wengine watatu waliokuwa na malalamiko yao wakaongeza yao. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa Jumatatu kituoni. Ijumaa jioni kila mtu alikuwa anasema jambo moja: ikionekana ni kweli, karani ataondolewa.

Nilijua maana yake. Angeenda wapi na lile goti? Shamba lake ni mteremko mtupu. Ningepita kila siku mbele ya nyumba yake nikimwona amekaa. Na angekuwa amekaa kwa sababu ya kiganja changu, na "sijui" yangu.

Jumamosi mama alipika ugali na kuku, chakula ambacho hatuli bila sababu, kwa ajili ya mechi ya kesho. Sikuweza kumeza. "Unaogopa mechi," mama akasema. "Usiogope. Huyo mtu hatakugusa tena." Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikaona alivyokuwa ananitazama, ameninyooshea paja la kuku, na nikashindwa.

Badala yake nikatunga mpango wa kijinga. Nilijiambia: kesho tukipata penalti, nitaipiga juu. Nikikosa, rekodi haitavunjika. Rekodi isipovunjika, hasira ya watu itapungua, na labda Jumatatu mwenyekiti atasema wasameheane tu yaishe. Leo nikiandika naona jinsi mpango huo ulivyokuwa hauna kichwa wala miguu. Lakini mtu anayeogopa hupenda mpango wowote ambao hautamfanya aongee.

Tulicheza na timu ya bondeni. Karani alikuja. Alikaa kwenye jiwe nyuma ya goli la mtaro, lile lile lililomvunja, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Mama alikuwa upande mwingine na akina mama wenzake. Mvua ya saa tisa ilikuwa imepita, uwanja ukawa tope. Nilicheza beki wa kushoto vibaya sana, nikiomba kimoyomoyo tusipate kitu.

Tukapata. Mshambuliaji wetu aliingia katikati ya mabeki wawili, mmoja akamkanyaga na mwingine akampiga kiwiko cha mdomo. Refa akapuliza. Uwanja mzima ukageuka kunitazama, hata wale waliokuwa wakinunua miwa. Nikasikia mtu akisema, "Ni sasa." Mwingine akasema, "Karani, funga macho!" Watu wakacheka. Karani hakucheka.

Nilitembea. Nilikuwa nimeshaamua: juu, mbali, hata kwenye mtaro. Kisha mshambuliaji wetu akainuka. Damu ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa chini ikishuka hadi kwenye jezi. Aliuokota mpira mwenyewe, akaufuta tope kwa tumbo lake, akauweka mikononi mwangu. Nilingojea anitanie.

"Nimeshakulimia," akasema, akatema damu pembeni. "Vuna, bana. Tafadhali."

Nilisema mwanzoni kwamba sijui kukatalia mtu. Nikauweka mpira, nikarudi hatua nne, nikaangalia majani. Nyuma ya goli niliona tu ncha ya kiatu cha karani, kile cha mguu ulionyooka. Nikapiga kushoto kwangu, chini, karibu na mti wa goli, kama siku ile ya kwanza. Ukagonga mti kwa ndani, ukaingia, ukaenda ukasimama karibu na kiatu kile.

Walinibeba. Sikupenda kubebwa. Kutoka juu ya mabega yao nilimwona karani akiinama kwa shida, akiuokota mpira, na kuurusha uwanjani kwa mkono mmoja ili mchezo uendelee.

Jumatatu ilinyesha mapema. Watu walijaa kituoni, wengine kwenye mabenchi, wengine wamesimama kando ya mizani. Juu ya mizani bati lilikuwa vile vile: arobaini na tatu, na arobaini na tatu. Mwenyekiti aliomba dua, kisha akampa mama nafasi.

Mama aliongea vizuri. Nilijivunia na nikaona aibu kwa wakati mmoja. Alisema amepeleka majani pale miaka kumi na minne na hajawahi kurudishiwa hata kikapu kimoja. Alisema kama mpira umeingia kwenye mizani, basi mizani si ya wakulima tena. Watu wakaitikia.

"Karani," mwenyekiti akasema, "una la kusema?"

"Majani yalikuwa mabaya."

"Mabaya vipi?"

"Mabaya tu, mwenyekiti."

Nikashangaa. Nilingojea aseme habari ya majani mazuri yaliyopangwa juu. Hilo lingemaliza kesi, na lingenimaliza mimi pia mbele ya kijiji kizima. Alikaa kimya, akiangalia goti lake. Sikujua kama alikuwa ananihurumia au anangoja kuona mimi ni mtu wa namna gani. Mpaka leo sijamuuliza.

"Kuna mtu aliyeyaona hayo majani?" mwenyekiti akauliza.

Jirani yetu akasimama. "Mimi nilikuwa nyuma ya huyu kijana. Niliyaona kwa macho yangu. Juu ya kikapu majani yalikuwa safi kabisa, mawili na chipukizi. Kama hayo ni mabaya, basi sote twende tukalime mahindi."

Watu wakapiga kelele za kukubali. Mwenyekiti akachukua kalamu. Nikaelewa kwamba ujanja wangu wa njiani umesimama pale kama shahidi, na unaaminika, na utamtoa mtu kazini.

Hakuna aliyeniita. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwenye penalti mtu hukunyooshea kidole, unakwenda. Hapa hakuna aliyeninyooshea kidole. Nilisimama.

"Yale ya juu niliyapanga mimi," nikasema.

"Nani anaongea huko? Ongea kwa sauti."

"Yale mazuri niliyaweka juu mimi. Ya chini nilikwangua. Nilikuwa nakimbilia mazoezi. Karani aliona. Hakusema uongo."

Halafu yule kijana wa bodaboda akasema kutoka mlangoni, "Ala! Mwenyewe amejifunga!" Kituo kizima kikalipuka kwa kicheko. Jirani yetu alicheka huku akijipiga paja. Hata mwenyekiti alifunika mdomo kwa daftari.

Mama hakucheka. Alikaa chini taratibu, akanyoosha leso yake magotini mara mbili, mara tatu, kama kuna kitu kimemwagikia.

Malalamiko yake yakafutwa. Wawili kati ya wale akina mama wengine wakasema hawana la kuongeza. Wa tatu akashikilia kwamba mizani ina kasoro, na mwenyekiti akaahidi italetwa mizani nyingine ilinganishwe. Mkutano ukaisha kwa dua, na watu wakatoka wakiwa na jambo la kusimulia wiki nzima.

Njiani mama alitangulia. Tulipofika kwenye daraja la magogo aligeuka. "Umenifanya nimtukane mtu wa watu mbele ya kijiji kizima," akasema. "Na mimi nilikupikia kuku." Akaendelea kutembea.

Kesho yake alichuma pamoja nami. Kila nilipojaza mkono alinyoosha wake, nikamwonyesha, akatazama, ndipo nikaweka kikapuni. Nina miaka ishirini na mitatu, na nilikaguliwa kama mtoto wa darasa la pili. Jioni akaenda na kikapu kichwani na mkungu mdogo wa ndizi mkononi. Aliuweka kando ya mizani. "Ndugu yangu," akamwambia karani, "nilikosa."

"Imeisha, mama," karani akasema. Akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akauweka chini. Kisha akavuta kikapu chetu, akakimwaga chote mezani, akachambua hadi la mwisho. Akatoa majani matatu, akayatupa. Akapima yaliyobaki.

Nilikuwa nageuka kuondoka aliponiita. "Kijana. Wewe ngoja."

Mama akaenda. Foleni ikaisha, lori likaja, likapakia, likaondoka kuelekea kiwandani. Nilibaki nimesimama karibu na ukuta. Nilikuwa na hakika kwamba sasa atanipiga, au atanisema kwa maneno ambayo sitayasahau. Alitoa kopo la rangi nyeupe chini ya meza, akalikoroga kwa kijiti.

"Watu wananiuliza," akasema, "kama wewe unastahili kukaa juu yangu hapo."

Nikaangalia sakafu.

"Nawaambia hapana. Na wakiniuliza mwakani nitawaambia hapana. Mimi niliukimbilia mpira. Wewe umewekewa." Alisugua ukingo wa kopo kwa brashi ili rangi isidondoke. "Lakini hiyo ni fikira yangu, na fikira haipimwi. Mimi hapa naandika kilichoingia. Jumapili kiliingia. Nilikiona kikifika hadi kwenye mguu wangu."

Akavuta stuli, akaiweka chini ya bati. Akapandisha mguu mzuri, kisha akasimama kidogo, akanitazama.

"Hili goti siku hizi linanidanganya nikiwa juu," akasema. "Shika."

Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye unga wa majani, nikashika miguu ya stuli kwa mikono miwili. Akapanda. Niliona goti lile likiwa karibu na uso wangu, limevimba upande mmoja, lina kovu refu. Nilimwogopa yeye, na niliogopa asianguke, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata stuli ikaanza kugongagonga sakafu.

"Usitikise," akasema kutoka juu. "Kitapinda."

Nikaikumbatia ile stuli kwa kifua. Ikatulia. Nikasikia brashi ikishuka kwenye bati, polepole, mara moja.